Motoka ikilia isikilizwe: redio haitengenezi ruloma

LUBUMBASHI, Haut-Katanga. – Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120. Toka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilometa 90. Ukielekea Pweto ao Mitwaba, lami inaisha na udongo unaanza, na wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4, hakuna kinachopita huko ila lori kubwa na motoka ya 4x4. Katika njia hizo zote motoka zinalia. Zinagonga mbele, zinavuma nyuma, zinasaga chini. Na mashofere wengi wanapata dawa moja tu: wanaongeza sauti ya redio.

Tabia hiyo inafaa iitwe kwa jina lake. Ni uzembe, na pale makuta ya mwenye motoka yanapoliwa bure kwa sababu yake, ni wizi. Inafanywa na shofere anayejua lakini anaogopa kuchelewa, na bosi asiyetaka kusikia neno "garaje", na fundi anayebadilisha vyuma kwa kubahatisha. Wote watatu wanafika salama siku nyingi, ndiyo sababu tabia haifi. Siku wasipofika, watu wanasema ni njia, ni mvua, ni mapenzi ya Mungu. Motoka ilikuwa imesema wiki tatu mbele.

Aliye juu ya ekseli ndiye anayesikia

Kwa familia zilizohamishwa na vita, motoka ya 4x4 si kitu cha fahari. Waliokimbia pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto, ile watu waliita pembetatu ya kifo, wanajua. Waliotoka Tanganyika wakati wa vita vya Watwa na Waluba wanajua. Waliovuka mpaka kufika kambi ya Mantapala, kule Nchelenge upande wa Zambia, wanajua. Land Cruiser ndiyo ambulansi ya mama mjamzito, ndiyo inayobeba unga na mahema, ndiyo inayorudisha watu kijijini siku wanaambiwa usalama umerudi.

Sasa mutu aangalie namna wanavyokaa ndani. Shofere yuko mbele, karibu na moteri, kioo kimefungwa kwa sababu ya vumbi, redio iko mbele ya kifua chake. Wasafiri wako nyuma, kwenye mabenchi mawili ya pembeni, magoti kwa magoti, na ekseli ya nyuma iko chini ya nyayo zao. Resori ikivunjika, wao ndio wanaisikia kwanza. Ruloma ya gurudumu la nyuma ikianza kuvuma, wanaisikia katika mifupa ya miguu. Mama aliyeketi pembeni na mtoto mgongoni ni shahidi mzuri kuliko shofere mwenye permi ya miaka 20.

Lakini shahidi huyo hasikilizwi. Maneno yanajulikana katika njia zote za jimbo:

"Papa shofere, kuko kitu inalia huku chini."

"Mama, ni njia. Njia ni mubaya."

Na mazungumzo yanaishia hapo. Mama ananyamaza kwa sababu amebebwa bure, na aliyebebwa bure anaona hana haki ya kulalamika. Hapo ndipo kosa kubwa liko. Kubebwa kwa msaada hakumwondolei mutu haki ya kufika mzima. Na jibu lenyewe, "ni njia", mara nyingi ni uongo ambao unaweza kupimwa kwa dakika tano.

Njia na gurudumu havisemi namna moja

Kelele ya njia inabadilika njia ikibadilika. Motoka ikitoka kwenye udongo na kupanda lami, mlio wa mapine unabadilika palepale, hasa mapine yenye meno makubwa ya matope, ambayo yanavuma kwa asili yao. Kelele ya chuma kilichochoka haijali lami wala udongo. Inafuata mwendo: motoka ikienda pole inalia pole, ikikimbia inalia mbio. Shofere anayesema "ni njia" bila kuangalia kama mlio unabaki palepale kwenye lami, huyo hajapima kitu. Amesema tu ili aachwe.

Kipimo cha pili ni kukata kona. Kwenye kona ya kushoto, uzito wa motoka unaegemea magurudumu ya kuume. Kama mvumo unaongezeka hapo na kupungua kwenye kona ya kuume, ruloma ya upande wa kuume ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kipimo hiki hakihitaji masini wala dola hata moja. Kinahitaji redio izimwe.

Cha tatu ni kutenganisha moteri na magurudumu. Motoka ikiwa imesimama, moteri inapandishwa mwendo: mlio ukitokea, shida iko kwa moteri ao vitu vinavyozungushwa nayo, kama mkanda wa alternateri. Kama mlio hautokei mpaka motoka itembee, shida iko chini: kardani, ponti, ruloma, freni ao mapine. Mahali pa tambarare pasipo watu wala motoka nyingine, shofere anaweza kukanyaga ambreyaji kidogo motoka ikiendelea kutembea. Mlio ukibaki vilevile, moteri haina hatia. Hilo halifanywi kamwe kwenye mteremko.

Vipimo vitatu, na tayari nusu ya motoka imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Fundi anayepokea motoka pamoja na majibu hayo anaanza kazi karibu na mwisho. Anayepokea motoka na neno moja tu, "inalia", anaanza kwa kubahatisha, na kubahatisha kwake kunalipwa na mwingine.

Kila mlio na maana yake

Mafundi wazuri wa Lubumbashi, wa Kenya, wa Katuba, wa Ruashi, hawakosi maarifa haya. Wengine walifundishwa katika garaje za kampuni kubwa za migodi, mahali ambapo motoka haikutoka mpaka iandikwe. Shida ni kwamba maarifa yanabaki mdomoni mwa wachache, na mwenye motoka hajui hata swali la kuuliza. Basi yaandikwe.

Mlio wa "tak-tak-tak" wakati usukani umekatwa mpaka mwisho, motoka ikiwa kwenye 4x4: hicho ni kiungo cha ekseli ya mbele kilichochoka. Katika Land Cruiser za zamani zenye vifungio vya mkono kwenye magurudumu ya mbele, vifungio vikifunguliwa, kiungo hicho hakizungushwi tena na gurudumu. Kama mlio unatoweka vikifunguliwa na kurudi vikifungwa, jibu limepatikana bila kufungua bulo moja.

Mlio wa "ko!" mara moja tu, wakati wa kuondoka ao wakati wa kubadilisha kutoka mbele kwenda nyuma: hapo watu wengi wanaliwa. Fundi wa kubahatisha anasema ponti ya nyuma imekufa, inunuliwe nyingine. Mara nyingi ni msalaba wa kardani uliolegea, ao ile sehemu ya kardani inayoteleza imekauka grisi. Kuna vichuchu vidogo vya kutilia grisi pale, na fundi anavimaliza katika dakika chache. Ponti nzima imebadilishwa mahali palipohitaji mkono mmoja wa grisi, na "ko!" imerudi asubuhi yake. Ikirudi, mwenye motoka anaambiwa kwamba sasa ni bwati ya vitesi. Na makuta yanaendelea kutoka.

Mlio wa "kwi-kwi-kwi" motoka ikitembea pole, unaoongezeka haraka na mwendo: msalaba huohuo wa kardani, mkavu. Ukiachwa, unavunjika. Kardani ikikatika mbele wakati motoka inakimbia, inaweza kuchoma udongo kama mkuki. Ukivunjika wa nyuma, chuma kinapiga chini ya miguu ya watu wa mabenchi.

Mlio wa kuimba, kama mbu mkubwa, wakati wa kukanyaga mafuta ao wakati wa kuyaachilia: hapo ndipo meno ya ponti yanaanza kushukiwa. Kabla ya kununua kitu, mafuta ya ponti yaangaliwe. Yakiwa na unga wa chuma unaong'aa, meno yanaliwa. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, jambo la kawaida kwa motoka zinazovuka mito wakati wa mvua na kipumulio cha ponti kimeziba ao kimekatika. Maji yakigunduliwa mapema, dawa ni mafuta mapya na kipumulio kizima. Yakigunduliwa kwa mlio, mara nyingi ni kuchelewa.

Mlio mwembamba wa "shiii" karibu na gurudumu, ulioanza ghafla kwenye njia ya mawe: huenda ni kokoto iliyonaswa kati ya diski ya freni na bamba linaloikinga. Mara nyingine kurudi nyuma meta chache kunaiangusha. Lakini "shiii" inayokuja kila mara freni ikikanyagwa, hiyo ni plakete imekwisha. Na ikigeuka "krrr", chuma kinasaga chuma, na motoka hiyo haifai kubeba hata gunia la makala, sembuse watoto.

Kugonga kwa gurudumu motoka ikienda pole, pamoja na usukani unaotikisika: kwanza bulo za gurudumu ziangaliwe. Ni jambo la dakika mbili, na ni lile linalosahauliwa kuliko yote. Gurudumu likitoka kuzibwa panchari, bulo zinakazwa, kisha zinapaswa kukazwa tena baada ya kilometa 50 ao 100, kwa sababu zinalegea zikikaa mahali pao. Nani anasimama kilometa 50 nje ya Lubumbashi kukaza bulo? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza magurudumu yanayoonekana yakipita motoka yao wenyewe njiani.

Kuna mlio mwingine ambao shofere anautengeneza kwa mkono wake. Katika motoka nyingi za kazi, 4x4 inaunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma kwa nguvu, bila kitu cha kuziachanisha. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika matope, pine linateleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami kavu haliwezi kuteleza, basi nguvu inabaki imefungwa ndani ya vyuma: usukani unakuwa mzito, mapine yanalia, kisha "ngo!" kubwa inasikika chini. Anayetoka Pweto na kuingia lami ya Lubumbashi bila kuondoa 4x4 kwa sababu "inaonyesha nguvu", anakata kardani ya bosi wake polepole.

Analipwa anayefungua bulo

Mtu atasema: basi mafundi ndio wabaya. Hapana. Fundi anafanya kile anacholipiwa. Lubumbashi nzima inalipa fundi kwa chuma alichobadilisha. Hakuna anayemlipa kwa saa moja aliyotembea na motoka, amezima redio, ameweka sikio. Fundi akisema, "Papa, nilisikiliza, ni grisi tu," mwenye motoka anamlipa ya soda, na anaondoka akicheka kwamba fundi hakufanya kazi. Fundi yule ana watoto. Wiki ijayo atasema ni ponti.

Daktari analipwa kwa kupima hata kama hakumpa mgonjwa kidonge. Fundi naye alipwe kwa kusikiliza. Mwenye motoka anayekataa kulipa masikio atalipa vyuma, na vyuma ni bei. Hesabu hiyo haimpendelei fundi. Inamkinga mwenye motoka mwenyewe.

Wengine watasema: fundi wa kartie hana masini ya kusoma kompyuta ya motoka. Ni kweli masini hiyo inasaidia kwenye motoka mpya, kwa moteri na kwa freni zenye vihisio. Lakini hakuna kihisio ndani ya msalaba wa kardani, wala ndani ya kipira cha resori. Kwa vitu hivyo, masini haioni kitu. Kriki, mawe mawili nyuma ya magurudumu mengine, na mikono miwili inayotikisa gurudumu lililoinuliwa, juu na chini, vinasema zaidi. Likicheza juu na chini, ruloma ao viungo vinavyobeba gurudumu vimechoka. Likicheza kushoto na kuume, rotili za usukani ziangaliwe. Vyombo hivyo viko katika kila garaje ya pembeni ya njia.

Wengine tena watasema: makuta hakuna. Lakini kusimama kila saa mbili na kuleta mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu, bila kukigusa, kunagharimu nini? Kama kimoja kina moto sana kuliko vingine vitatu, ruloma imekauka ao freni imenasa. Hapo motoka isimame, na maji yasimwagwe juu ya chuma cha moto. Maskini ndiye mwenye haja kubwa ya kusikiliza mapema, kwa sababu hana makuta ya kununua ekseli.

Ukimya nao udanganya

Kuna kosa la upande mwingine. Motoka iliyonyamaza haimaanishi iko nzima. Land Cruiser nyingi za njia zetu zina moteri ya dizeli ya 1HZ, ya silinda sita, yenye mkanda wa ndani wa kuendesha vali. Mkanda huo unabadilishwa kila kilometa 100,000. Haulii kama mkanda wa alternateri. Siku yake ikifika unakatika, pistoni zinapiga vali, na moteri inalala. Wakati wa kubadilisha ukifika, taa inawaka mbele ya shofere. Kuna motoka ambazo taa hiyo ilizimwa kwa kukata waya. Huko ni kuongeza redio kwa namna nyingine.

Na motoka nyingi zinaingia zikiwa zimekwisha kutumika, zikipita Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa. Anayenunua ajue hila ya zamani inayojulikana na wauzaji wa dunia nzima: mafuta mazito kupita kiasi, hata unga wa mbao, kutiwa ndani ya ponti ao bwati ili meno yaliyoliwa yanyamaze kwa siku chache. Motoka isinunuliwe mpaka bulo ya chini ya ponti ifunguliwe na mafuta yaonwe kwa macho. Muuzaji anayekataa amekwisha kujibu.

Kinachodaiwa

Kwa mashirika na wote wanaobeba familia zilizohamishwa: kila motoka iwe na kaye ya makelele. Shofere aandike tarehe, mlio gani, upande gani, kwa mwendo gani, motoka ikiwa ya moto ao ya baridi, mzigo ukiwepo ao usipokuwepo. Na shofere aliyesimama kwa sababu ya mlio asikatwe mshahara kwa kuchelewa. Mwenye kumwadhibu shofere aliyesimama ndiye anayeongeza ile redio, hata kama yuko ofisini mjini.

Kwa mafundi: chuma kilichotolewa kirudishwe mkononi mwa mwenye motoka, na aonyeshwe mahali kilipoliwa. Kama hakikuliwa, hakikupaswa kutolewa.

Kwa wenye motoka: walipe kusikiliza.

Kwa wakubwa wa njia: cheti cha kontrole tekiniki ni karatasi. Kinasema motoka ilionekana siku fulani. Hakisemi kama ilisikilizwa, na ruloma haisomi karatasi.

Na kwa mama wa nyuma, na watoto wa nyuma, na wazee walioshikilia chuma cha dirisha: wasinyamaze. Mlio ukisikika waseme mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili kwa sauti. Shofere akisema ni njia, wamwombe azime redio kwa kilometa moja tu. Wazee walisema mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Hapa anayeficha anashika usukani, lakini kifo kikija kinaanzia kwenye mabenchi ya nyuma. Waliokimbia risasi wakafika wazima hawapaswi kufa kwa sababu ya bulo nne ambazo hakuna aliyekaza.